Mikono Kumi na Miwili, Yote ya Kushoto

Jumatatu, 4 Mei

Shemeji kaja na simu. Mdogo wa mwisho wa mke wangu, anayejiita mtu wa mitandao — kazi ambayo mpaka leo sijajua huifanya saa ngapi. "Shem, umelipuka!" Nikajikagua kama nina moto. Kumbe ile video.

Mteja anaingia dukani. Namtazama mara moja, juu mpaka chini. Nakunja kitambaa. Mkasi — kra, kra, kra! Hakuna futi ya kupimia, hakuna chaki. Dakika tatu gauni limekatika. Chini yake shemeji ameandika: "Huyu ndiye Jicho. Hajawahi kupima mtu. Amezaliwa hivyo."

Nimeitazama mara mbili. Kinyaa! Si video, ile sura. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili kafumba jicho moja kama anayelenga ndege. Halafu tabasamu. Lo! Ningekuwa mteja ningetoka.

Niandike hapa, maana daftari hili halina mdomo. Wateja wa kike hupokelewa na mke wangu kwa kumbatio. Wanamsifu kwa ukarimu. Mikono ya mke wangu inajua kifua, inajua kiuno, na akimkung'uta mgeni "vumbi" begani inajua na mabega. Kisha anaingia nyuma ya pazia na kufunga mafundo ya vipimo kwenye uzi. Wanaume nawavalisha koti la dukani: "Hebu livae kidogo nilione likivaliwa." Ndani lina alama zangu, kama rula. Ikifika saa saba tunafunga mlango, tunatundika kibao: FUNDI ANAKULA. Fundi hali chochote. Fundi anakata magazeti. Likikataa gazeti, anakata jingine. Likikubali, anakata shuka kuukuu. Kesho yake mteja anarudi kuona "jicho" likifanya kazi. Anachokiona ni mara ya tatu ya kukata, wakati mwingine ya sita.

Miaka ishirini na miwili sijala cha mchana. Wanasema hata wembamba wangu ni wa kuzaliwa.

Yote yalianza siku nilipopoteza futi. Mama mmoja akaja kuchukua gauni, likamkaa sawasawa, futi hakuiona, akadhani nimekata kwa jicho tu, akanisifu kwa kelele mtaa mzima. Ningesema kweli siku ile, ingetosha sentensi moja.

Jumanne, 5 Mei

Fundi viatu wa jirani kanisalimia kwa kufumba jicho moja. "Jicho, hebu nitazame, mimi kiatu namba ngapi?" Nikamwambia namba ya mdomo wake. Tukacheka.

Shemeji tena. Maonyesho ya mafundi, Jumamosi ya tarehe 16, ukumbi mkubwa. Watachagua mtu kutoka kwa watazamaji, nimkatie suti pale pale, papo kwa papo. Nikasema nitafikiria. "Usijichoshe, shem, nimeshakubali kwa niaba yako."

Mke wangu: "Na huyo mtu wao mimi nitamkumbatia saa ngapi?"

Alhamisi, 7 Mei

Leo si siku ya mzaha.

Binti yetu aliacha kazi mwezi uliopita kwenye kiwanda cha sare za shule, alikokaa miaka minne akikata kwa vipimo vilivyobandikwa ukutani. Akafungua chumba chake mwenyewe cha kushonea. Kazi ya kwanza: magauni sita ya wanakwaya, kitambaa cha rangi ya zambarau walichokileta wenyewe. Mama yake kaenda kumwona asubuhi. Amerudi na habari hii.

Binti aliona video. Akasema na yeye ni damu ya Jicho. Akaweka kando futi, chaki na karatasi zote. Akapanga kitambaa tabaka sita, tabaka juu ya tabaka, uso wote juu, akakata mikono ya magauni kwa jicho, kra kra kra. Kisha akapanga tena, vilevile. Mikono kumi na miwili. Yote ya kushoto!

Na kitambaa kile kimeisha kwenye duka walikokinunua.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Huo ni upuuzi wa mtu asiyejua kazi, na binti yangu kazi anaijua kuliko mimi. Mtu akikunja kitambaa uso kwa uso, mkono wa kulia unajitokeza wenyewe. Yeye anajua. Alisahau kwa sababu alikuwa anajitahidi kutojitahidi.

Nani alimfundisha hivyo? Andika tu, mzee, usizunguke. Baba yake.

Ijumaa, 8 Mei

Nimekwenda kwake saa nne. Ile mikono ameitundika kwenye kamba, yote inaelekea upande mmoja kama watu wanaoaga basi. Nikasema, "Mwanangu, hata mimi mwaka wa kwanza nilishona suruali ya miguu miwili ya kulia."

"Baba, usinifariji kwa uongo."

Kweli pekee niliyosema mwezi huu, ndiyo ameiita uongo!

Nikasema tutafute kitambaa cha kufanana, tuunganishe. Akatikisa kichwa. "Mimi nimechukua mikono ya mama. Jicho lako sikulipata. Basi, kila mtu na alichopewa."

Mikono ya mama! Angejua kuwa duka zima linakula kwa mikono hiyo! Nikaaga. Nimetembea mpaka dukani nikitema mate kama mjamzito.

Jumapili, 10 Mei

Binti kaja kula nasi. Kasema kapata kazi kituo cha mabasi, dirisha la tiketi, anaanza Jumatatu ya tarehe 18. "Kule hawataki kipaji. Unabonyeza, inatoka." Kamkabidhi mama yake mkasi wake mpya. Shemeji akiwa hapohapo, mdomo umejaa, akasema si kila mtu kazaliwa na jicho, asijisikie vibaya.

Nikamwangalia anavyotafuna. Sijawahi kuchukia taya za mtu kiasi hicho.

Kisha nikakumbuka maneno yale ni yangu. Nimeyasema mimi, dukani, mara mia: "Ni jicho tu, mama, hata sijui linatoka wapi." Yeye kayameza na sasa anayacheua. Sasa nimchukie nani?

Wakati wa kuosha vyombo mke wangu kasema, bila kugeuka, "Mimi nimechoka kukumbatia watu."

Jumatano, 13 Mei

Nimemwambia binti.

Nilimwita saa saba kasoro. Kibao nje, mlango komeo. Akadhani kweli tunakula. Nikavuta gunia kutoka chini ya meza, nikamwaga magazeti sakafuni. Migongo, vifua, kola, makwapa. Makwapa ndiyo mengi, makwapa yamenitesa maisha yangu yote. Mke wangu akatoa kopo lenye nyuzi, kila uzi na mafundo yake na kijikaratasi cha mwenyewe. Nikamwonyesha koti. Nikamwonyesha gauni la kwenye video: gazeti la kwanza, la pili, la tatu, la nne, shuka.

Nilitegemea nini? Nadhani nilitegemea aangue kicheko. Anikumbatie, aseme kumbe! Achukue tena mkasi wake. Mimi kwenye kichwa changu nilishafika kwenye machozi ya furaha.

Alichutama akaokota kwapa moja. Akalitazama sana. Mistari ya penseli, iliyofutwa, iliyochorwa tena.

"Hii ndiyo kazi nzuri," alisema. "Hii ndiyo ulitakiwa kuonyesha watu."

Nikaanza kutabasamu. Mapema mno.

"Miaka minne kiwandani nikipima mara mbili mbili nilikuwa najiona mjinga. Najificha nikipima, Baba! Najificha kama mwizi! Nasema mtoto wa Jicho anatumia futi, watu watasemaje? Na wewe umejifungia humu unakata magazeti!" Akamgeukia mama yake. "Na wewe, mama?"

Mke wangu alisema, "Na mimi." Hakujitetea. Huyu mwanamke ana heshima kuliko mimi.

Nikajitetea. Ndiyo, nilijitetea, niandike na aibu yake. Nikasema wateja wanapenda. Nikasema hakuna aliyeumia.

Akanyoosha kidole kuelekea kwenye chumba chake, ng'ambo ya mtaa. "Kumi na miwili," alisema.

Mlangoni nikamwuliza, sasa umejua, si utaacha hayo ya tiketi? Akasema hataki kweli ya chini kwa chini, ya kufungiwa komeo. "Mimi uliniambia uongo mbele ya watu. Kweli nayo niambie mbele ya watu. Jumamosi. La sivyo Jumatatu nipo dirishani."

Akatoka. Kibao bado kinasema fundi anakula.

Ijumaa, 15 Mei

Wateja wanne, wote wa ile video. Mmoja kasema nina mkono mwepesi, inaonekana sitoki hata jasho. Nilikuwa nimelowa mgongo mzima, nimesimama nimeegemea ukuta asione.

Shemeji kaleta shati jeupe la kuvaa kesho. Kaniambia nisiseme sana jukwaani, nifumbe tu jicho. "Watu hawaji kuona kazi, shem. Kazi wanayo makwao."

La kinyaa zaidi ni kwamba ana akili.

Nimejaribu kuandika maneno ya kusema. Mwanzo wa kwanza: Ndugu wananchi. Nikafuta, sigombei. Wa pili: Naomba radhi. Nikafuta, hilo ni la msibani. Wa tatu, wa nne. Sasa nipo wa saba. Hata kusema kweli siwezi mara ya kwanza, lazima nikate gazeti.

Jumamosi, 16 Mei

Naandika nikiwa nyuma ya pazia la ukumbi, juu ya sanduku la spika.

Watu wamejaa. Mtu wa kukatiwa wameshamchagua, jitu la mabega, limevaa koti zito juu ya sweta. Hata Mungu hapo angeomba futi. Mke wangu na binti wapo safu ya tatu. Binti amevaa nguo ya kazini ya kule kituoni, anasema wamempa leo aijaribu. Kiuno kinamning'inia. Nani kaikata ile?

Mshereheshaji kaja kuniuliza kama nipo tayari. Nikamwambia nahitaji meza. Akasema ipo. Nahitaji futi na chaki. Akanitazama. Nahitaji magazeti ya kutosha na kama saa moja na nusu, na kabla ya hapo nizungumze na watu. Na nahitaji mtu anayejua kazi anishikie upande wa pili wa kitambaa — yule binti wa safu ya tatu.

Akacheka mpaka akanishika bega. "Mzee, we ni hatari!"

Amekimbilia jukwaani. Namsikia. "Mabibi na mabwana, Jicho anasema leo anataka futi! Na chaki! Na saa moja na nusu!" Ukumbi mzima umeangua kicheko. Wanapiga miguu chini. Shemeji, pale mbele, anapiga miluzi, anarekodi pazia.

Wamechukulia ni utani. Lo, wamechukulia ni utani!

Nachungulia. Mke wangu hacheki. Binti hacheki. Ameinuka. Anaomba njia, anapita magoti ya watu, mkoba begani. Safu ile ina kijia kimoja tu cha kutokea, na ukifika kwenye kijia, kushoto ni mlango, kulia ni jukwaa.

Wananiita. Bado magoti mawili afike kwenye kijia.