Pampu ya Baba

Shume

Kaka Zabron, shikamoo.

Mbuzi wako amezaa mapacha. Kabichi zimestawi, ila ukungu haujatutoka wiki nzima. Barua hii anakuletea dereva wa kabichi, maana kwenye simu baba angesikia.

Pampu yake ya pumu imeisha dawa, na maduka ya Lushoto hayana nyingine; tafadhali itafute huko uliko, umpe dereva. Ukiibonyeza bado inatoa sauti, basi akibanwa anavuta, anasema, "Afadhali." Nimeshindwa kumwambia. Kutwa nasikiliza kifua chake, hata kupalilia siendi.

Sasa hivi amenikuta naandika. Amekaa, akatafuta pumzi kwanza, ndipo akasema: "Najua navuta upepo mtupu, mwanangu. Sikutaka uhangaike. Mwambie Zabron asichelewe."

Mdogo wako,
Evelina