Orodha ya Wagonjwa wa Darasa la Nne

Alhamisi, baada ya masomo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na miwani haijapotea tena. Mama naye mpe shikamoo yake mapema, kabla hajanuna. Mimi sijambo, isipokuwa sauti imenikauka, na sababu yake utaiona huko chini. Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye dawati la mwisho la darasa langu, maana siku hizi nikiingia ofisi ya walimu, kila mtu anakumbuka ana kazi nje.

Matokeo ya mtihani wa darasa la nne yametoka. Mwaka jana tulikuwa wa pili wilaya nzima kati ya shule thelathini, ndipo nikapewa kile cheti ulichokitundika sebuleni mkabala na mlango, ili mgeni asipate pa kukwepea. Mwaka huu tumekuwa wa kumi na nane. Umesoma vizuri, Baba, usiifute miwani. Wa kumi na nane.

Mwalimu mkuu aliyabandika matokeo ukutani kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaniita. Akasema nimeiangusha shule kutoka ghorofani. Akataka kujua watoto wale nimewafundisha nini mwaka mzima, kuimba? Nikamjibu kwamba na kuimba nimewafundisha, bahati mbaya tu hakumo kwenye mtihani. Hakucheka. Mwalimu wa sayansi, yule tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, ameshatangaza hadi dukani kwamba Bi Cheti amechuja.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana wewe umefundisha miaka thelathini na moja na hudanganyiki na wastani. Hapa shuleni, wiki mbili kabla ya mtihani, mwalimu mkuu humpa mwalimu wa darasa karatasi yenye mistari, juu imeandikwa "Wagonjwa". Utauliza mtu anawajuaje wagonjwa wa wiki mbili zijazo. Ndiyo hapo sasa! Wagonjwa ni wale wanaosoma kwa kidole, wale watakaouvuta wastani chini. Wazazi wao wanaitwa, wanaambiwa mtoto dhaifu, siku ya mtihani apumzike nyumbani, darasa atarudia mwakani. Kwenye rejista inaandikwa homa, na mambo yanaishia hapo.

Mwaka huu niliirudisha karatasi ikiwa nyeupe pe. Akadhani nimesahau, akanipa nyingine. Nikairudisha na hiyo, nikamwambia darasa langu lina watoto arobaini na watatu na wote ni wazima wa afya tele. Akasema nitajuta. Nikasema sawa, nitajuta wao wakiwa ndani ya chumba cha mtihani. Tangu siku ile nilibaki kila jioni na wale wa kusoma kwa kidole, tukasoma na kurudia, tukarudia tena, hadi sauti ikaniisha, na mpaka leo haijarudi. Asubuhi ya mtihani nilisimama mlangoni nikahesabu vichwa mara tatu. Arobaini na watatu.

Najua hapo umeshaanza kumwita jirani umsomee. Usimwite, Baba. Kaa chini kwanza.

Mwaka jana karatasi ile niliijaza mimi. Majina sita, kwa mwandiko wangu, huu huu ulionifundisha kwa kunipigia mistari kwa rula. Sikutishwa wala sikulazimishwa. Nilikitaka kile cheti, na nilitaka ukione. Kwa kuwa nilikuwa na haraka, wote sita niliwaandikia tetekuwanga, tena tarehe moja! Muuguzi wa zahanati alipopata taarifa akaja mbio na dawa ya kupaka, akamkuta mgonjwa wa kwanza anaruka kamba uani, hana hata kipele cha mbu.

Mtoto huyo ni binti wa mshona nguo. Tunamwita Kifutio, kwa kuwa hulifuta jibu lake hadi karatasi inatoboka. Mama yake alikuwa amemshonea sketi mpya ya siku ya mtihani, ikabaki kwenye msumari bila kuvaliwa. Na unajua mama yule alinifanya nini? Alikuja shuleni kunishukuru kwa kumhurumia mwanawe. Aliniomba tu nimwambie ni ugonjwa gani ule usioonekana, ili amkinge nao. Nikamjibu kwa uongo mwingine. Naona aibu, Baba, naona aibu hadi leo.

Shule zilipofunguliwa Kifutio alirudi kwangu, magoti yanagonga dawati, wenzake wako la tano. Wiki ile ya kwanza alinifuata ubaoni akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama mwaka huu pia ataumwa. Hapo ndipo nilipokoma. Usiniite jasiri. Mtoto wa miaka kumi na moja ndiye aliyeuliza swali, mimi nilirudisha karatasi tu.

Amepata ishirini na tatu kwa hamsini, na kufaulu ni ishirini. Mama yake ameisoma hiyo ishirini na tatu kwa sauti mara nne, ya tano akamsomesha mteja aliyekuja kupunguza suruali.

Jumamosi kuna mkutano wa wazazi, na mwalimu mkuu ameniagiza nieleze kwa nini tumeshuka. Nitaeleza. Nitasimama na rejista za miaka yote miwili, nianze na majina yangu sita mbele ya mama zao, kabla sijamtaja mtu mwingine yeyote. Huenda Jumatatu nikawa sina kazi. Nimeshaamua, na barua yako ya kunizuia haitawahi.

Ombi langu kwako ni moja. Kishushe kile cheti wewe mwenyewe, kabla habari haijakufikia kwa Redio, maana masafa yake ni marefu. Nitumie, nikirudishe wilayani. Nikasirikie, haki unayo. Ila msumari usiung'oe. Humu kwenye bahasha nimekuwekea matokeo ya mwaka huu, nimeyanakili kwa mkono: majina arobaini na matatu, alama mbele ya kila jina, hakuna hata mmoja aliyeumwa. Utundike hayo. Mgeni akikuuliza mbona wa kumi na nane, mwambie ahesabu majina.

Mama mwambie nakula vizuri, asianze. Mdogo wangu mwambie kalamu yangu aliyoichukua naidai bado. Goti lako lipake dawa, usilisemeshe tu.

Ni mimi mwanao,
Mwalimu wa darasa la nne, angalau hadi Jumamosi.