Namba Mia na Ishirini

Chumba cha nne,
Nyuma ya duka la fundi viatu,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi, zaidi ya karatasi hii inavyoweza kubeba. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda ngazi kwa kukimbia, au bado unajifanya msichana? Sisi huku tu wazima. Mama bado anafua mashuka pale hospitali, zamu ya jioni. Mjukuu wako ametimiza miaka minne na hanyamazi, hata akilala midomo inacheza.

Sasa kaa vizuri kwenye kiti. Shangazi, shule haifungwi!

Najua barua yangu ya mwezi uliopita ilikukosesha raha. Nilikuandikia kwamba wakubwa wa elimu wamesema shule yetu ni ndogo mno na matokeo yake ni ya aibu, kwa hiyo wakija kuhesabu wasipokuta wanafunzi mia na ishirini, tunahamishiwa ile shule kubwa ya mbali, saa mbili kwenda kwa miguu na saa mbili kurudi. Wenzangu wangeweza. Mimi je, nani angekaa na mtoto Mama akishaingia kazini? Ningeacha tena, na safari hii ningeacha moja kwa moja.

Nianze na matokeo. Mwaka juzi kidato cha nne walifanya mtihani ishirini na wanane, wakafaulu kumi na mmoja tu. Hawa wa juzijuzi walikuwa ishirini na saba, wamefaulu ishirini na wawili! Karatasi ilipobandikwa ukutani, mwalimu wa hesabu, yule asiyecheka hata umtekenye, aliisoma mara mbili, kisha akatoka nje kupenga kamasi. Tukajifanya hatukumwona.

Wasichana ndio wengi sasa, sabini na mmoja, wavulana arobaini na tisa. Sisi tuliorudi baada ya kujifungua tuko watatu. Siku ya kwanza niliona haya hata kuinua macho. Ile sketi ya shule uliyonitunzia niliipanua kiunoni mpaka kitambaa kikaisha. Siku hizi wananiita Mama Kengele, kwa sababu kila asubuhi mimi na kengele tunaingia pamoja.

Haya, siku ya kuhesabiwa. Kwenye rejista tulikuwa mia na ishirini kamili, hakuna hata mmoja wa kupungua. Jana yake mkuu wa shule alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi hata wenye mafua waje. Asubuhi ya kuhesabiwa Mama akabadilishiwa zamu, akaitwa kazini mapema. Ningefanyaje? Nikambeba mtoto mgongoni kwa kanga iliyofunika sare yote, nikaenda naye.

Tukapangwa mistari uwanjani. Afisa aliyetumwa, bwana mmoja wa miwani na kalamu sikioni, akafika kwangu akamwona mtoto.

"Mama, wazazi wakae kule kwenye benchi, tutawasikiliza baadaye."

Na mimi, Shangazi, si nikaenda! Kaniambia kwa adabu, nikatii kwa adabu. Nikakaa zangu nikimfuta mtoto pua.

Akahesabu. Mia na kumi na tisa. Akarudia. Mia na kumi na tisa. Mkuu wa shule midomo ikamkauka. Nami pale kwenye benchi, roho mkononi, najiuliza ni mjinga gani huyo aliyetoroka leo!

Ndipo mwenzangu wa dawati, tunayemwita Redio, akapaza sauti: "Mama Kengele yuko wapi?"

"Ndiye nani huyo?" afisa akauliza.

"Yule pale! Si umemtoa mwenyewe?"

"Yule si mzazi?"

Nikasimama, nikafungua kanga. "Mzazi ni mimi, na mwanafunzi ni mimi. Kidato cha tatu. Tazama sketi."

Mkuu wa shule akamfungulia ukurasa wangu: wa tisa kati ya thelathini na mmoja, hesabu sabini na nne. Afisa akacheka mpaka akavua miwani.

"Mia na ishirini," akasema, akaandika.

"Na mimi?" mtoto akauliza.

"Wewe nitakuandika baada ya miaka kumi."

Mkuu wa shule hakuchelewa. "Tumekusikia sote, bwana afisa. Kumbe miaka kumi ijayo shule itakuwepo!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa makofi. Na juzi barua yenye mhuri imefika: tunabaki.

Shangazi, siku walipokata jina langu kwenye rejista ile kwa wino mwekundu, kila mtu alisema basi, imekwisha. Wewe peke yako ulisema sketi isitupwe. Sijasahau.

Mama anakusalimu, anasema wifi yake asiache kupaka dawa ya goti. Nisalimie binamu zangu, yule mshona makoti na yule mvivu wa kujibu barua, anajijua. Mjukuu wako anamwambia kila mpita njia kwamba yeye ni mia na ishirini na moja.

Mungu akutunze, goti lipone, uje mwenyewe uone jina langu ukutani siku nitakapomaliza.

Ni mimi wako, nikupendaye pasipo kipimo,

Namba mia na ishirini.