Mlango wa Nyumba ya Mwali

Mama yangu, shikamoo.

Najua hutaitikia tena, lakini nisipokuamkia kwanza, haya yatakaa vibaya mdomoni.

Unakumbuka Msowero, siku ulipokuwa unamfunda binti wa mama mdogo? Wewe ndiye kungwi, na sheria inajulikana: mwali akiwa anafundwa, mlango haufunguliwi. Ghafla ukasimama, jasho linakutiririka, ukatupa kitenge chini na kuufungua mlango wote.

"Nipisheni, naungua!"

Shangazi Mwajuma akadakia, "Wifi kapandwa na mashetani huyo! Atatuharibia mtoto."

Hawakukuita tena. Wewe uliyefunda mabinti wa kijiji kizima ukarudishwa nyuma kukoroga uji, na ukafa na jina hilo. Liliniuma, na linaniuma bado.

Sasa sikia. Mwaka jana, mgahawani kwangu hapa Mikumi (ndiyo, mama, ni wangu, nilianza na chupa moja ya chai, leo madereva wa malori wananiita bosi), joto likaanza kunipanda kutoka kifuani hadi usoni. Usiku nalowesha shuka, mchana nagombana hata na sufuria. Nikanywa dawa za malaria bila kupima. Dawa ikaisha, joto likabaki.

Nikaenda Kilosa. Daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa mimi, akanipima malaria, presha na sukari. Kisha akauliza, "Mama, siku zako uliziona lini mara ya mwisho?"

"Mwaka na miezi miwili."

"Na umri?"

"Hamsini na moja."

"Basi hesabu imekubali. Kwa umri wako, miezi kumi na miwili mfululizo bila hedhi inatosha kutuambia imekoma. Joto, usingizi kukatika, hasira, ndizo dalili zake. Si ugonjwa, ila zikikusumbua tunaweza kukusaidia. Na ukiona damu tena, usikae nayo nyumbani. Njoo."

Nililia palepale kitini. Siku ile ya Msowero nawe ulikuwa na hamsini.

Nikamfuata shangazi. "Wifi yako hakuwa na mashetani. Alikuwa anakoma hedhi."

Akainamisha kichwa. "Hata mimi yalinipata. Nikawa najifunika blanketi, nasema ni homa."

"Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini, mwanangu, baada ya kumsema mama yako?"

"Sema sasa. Mbele ya walewale."

Mwezi uliopita mjukuu wako alivunja ungo, nikamfunda mimi. Nikamweleza siku zinavyoanza, kama ulivyonieleza, kisha nikaongeza ambalo hakuna aliyekufunda wewe: zinavyokoma. Shangazi akasimama akawaambia wote, "Wifi yangu hakuwa na mashetani. Mimi ndiye niliyemsingizia." Wanawake wazima wakaanza kuulizana, "Kumbe na wewe?" Nyumba nzima ikacheka.

Katikati ya somo, joto likanipanda. Shangazi akanitazama, akainuka na magoti yake mabovu, akaufungua mlango.

Lala salama, kungwi wetu.

Ni mimi, mwanao wa kwanza,
Mikumi.