Betri Yangu Imefika Paje

Kaka Salum,

Shikamoo. Najua umenuna kwa kuwa nilipanda boti ulipokuwa msikitini.

Leo maji yalipokupwa nilimfuata mwenyeji wangu, Bi Mwanaidi, kwenye shamba lake la mwani. Akaona uvimbe chini ya mtulinga wangu, akauliza ni nini. Nikamweleza ni betri. Moyo huwasha umeme wake chumba cha juu, na umeme ukishuka, vyumba vya chini hukaza na kusukuma damu. Wangu unawaka vizuri, ila njia ya kushukia imekatika, ndiyo maana nilikuwa nazirai. Sasa waya wa betri unaufikisha chini.

"Na bahari wamekukataza?"

"Kanikataza kaka yangu. Daktari hajanikataza."

"Basi shika kamba hii."

Tulifunga mwani mpaka maji yakatufika magotini. Sikuzirai. Mchana nilikula pweza wa nazi sahani mbili.

Ijumaa sirudi, nimeongeza wiki. Ulinibeba siku niliyoanguka jikoni, na sitasahau mpaka nife. Lakini sitaki kubebwa tena, Kaka. Nakupenda, na wasalimie watoto.

Mdogo wako,
Rehema