Aliugua kwa Muda Mfupi

Kaka,

Shemeji Paskalina amepanga ibada ya kuweka msalaba kaburini kwako baada ya kuvuna maharage, na ameniomba niandike upya wasifu wako. Nimekubali kichwa kikiwa chini. Ule wa kwanza niliuharibu, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Unanijua. Nilimkatiza diwani katikati ya mkutano kwa sababu aliita njaa "upungufu wa chakula". Nimegombana magazetini na wenye vyeo kwa ajili ya neno moja la kuficha ukweli. Ulikuwa ukinicheka: "Mdogo wangu, maneno yako ya moto, chai yako baridi." Halafu siku ya kukuzika, waombolezaji wamejaa uwanjani, nikasimama na karatasi yangu nikasoma kwamba uliugua kwa muda mfupi. Basi, nikaendelea na majina ya watoto.

Niliogopa kutamka ini.

Ugonjwa wenyewe ninyi madereva wa watalii mliuita mafua ya wageni. Mgeni anapiga chafya, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi, mnateremka naye kreta kutazama wanyama, na jioni mnataniana nani kayapata. Safari hii yalikushuka kifuani. Nilipoingia wodini nilikukuta umelala na miwani yako ya jua, ile ya kazini. Nikadhani mwanga unakuumiza. Ukaivua kidogo nione macho yalivyokuwa ya manjano, ukairudisha, ukanishika mkono.

"Waambie sijawahi kuonja pombe."

Wewe, ambaye wenzako walikuita Mchungaji kwa ajili ya soda yako moja kambini!

Daktari alinieleza, na nilielewa. Kirusi cha mafua huingia kwa njia ya hewa, lakini mwili ukipigana nacho, vita haviishii kifuani. Ini nalo huguswa. Kwa wengi huguswa kidogo, likapona bila mtu kujua. Kwako mapafu yalilemewa, damu ikawa inafika kwenye ini bila hewa ya kutosha, likashindwa kazi. Nilimuuliza kuhusu pombe, nikamuuliza tena. Akasema haihusiki. Nikatoka na jibu hilo, nikalikalia.

Nilijiambia nakulinda. Watu hawatasikia habari za mafua, watasikia ini, na ini la dereva wa watalii hapa Karatu maana yake bia. Mimi, ninayewaita waoga wote wanaonyamaza.

Wao hawakunyamaza. Kwenye sala ya jumuiya ya kanisa mama mmoja aliombea "wajane walioachwa na ulevi", akimtazama shemeji. Nikaamua aliyeeneza uvumi ni Baraka, dereva uliyezoea kuongozana naye hadi Endulen, nikamfuata na hasira zangu zote. Nilimkuta anabadilisha tairi, akikohoa. Alinisikiliza hadi nikaishiwa pumzi.

"Sikueneza kitu, mzee," akasema. "Niliona macho yake, nikasubiri wewe useme. Mwenye maneno ni wewe. Uliposoma 'muda mfupi', nikajua kuna aibu."

Kaka, nikainama kumshikia tairi. Nilipoinua macho ndipo nikaona kwamba jua limeshazama na bado amevaa miwani.

Nikamwomba aivue. Akakataa. Basi palepale, kando ya gari lake, nikamweleza yote niliyopaswa kuyasoma kaburini: mafua, mapafu, ini, na ulichoniambia wodini. Nilipomaliza akaivua mwenyewe. Manjano, kama yako.

"Nilidhani watasema na mimi nakunywa," akasema.

Nilimpeleka hospitali. Yuko huko, na wanasema ini lake linarudi. Lakini alikuwa amejificha ndani ya ukimya wangu, Kaka. Hilo ndilo linaloniinamisha, kuliko umbeya wote wa kanisani.

Kwa hiyo nakuahidi. Siku ya msalaba nitasoma hivi: "Mafua yalimshika akiwa kazini, yakaingia mapafuni, yakalifikia ini, akafariki. Hakuwahi kuonja pombe. Na hata kama angekunywa, tungemlilia vilevile." Baraka akipona atasimama pembeni yangu, uso wazi.

Miwani yako ninayo. Nilikuwa nimepanga tuifukie chini ya msalaba, lakini shemeji amekataa. Anasema huna tena sababu ya kuivaa.

Pumzika, Mchungaji wetu.

Mdogo wako