Salamu kwa Mjapani

Jumatatu, 3 Machi

Simu sita leo. Nne skrini, moja chaji, moja imeogeshwa supu. Simu za siku hizi betri zimegandishwa kwa gundi kama vile fundi ni adui. Upuuzi mtupu. Mchana nimefunga duka, nikarudi nyumbani kumpa Tata chakula. Ndizi kala, kwa kushoto. Mkono wa kulia umelala pajani, pale pale ulipolala tangu kiharusi cha Novemba. Mtaalamu wa mazoezi anasema vidole vina uhai, vinataka kazi tu. Alimpa mpira wa kuminya. Tata kautupa uvunguni. Baba yangu huyu! Nakasirika naye mpaka kichwa kinauma.

Jumatano, 5 Machi

Mama kapiga kutoka Ijumbi. Lile lile: Tata atarudi lini kanisani? Najua kwa nini haendi. Sisi Walutheri wa kule tukitoka ibadani tunapanga mstari nje, kila mtu anampa kila mtu mkono. Mzee wa kanisa miaka ishirini, ampe mtu kushoto? Bora afe. Ndiyo maana alikubali kuja kwangu Kashai, hapa Bukoba mjini. Kliniki ya mazoezi ni kisingizio. Kajificha. Naogopa hatatoka tena.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja kaniachia mashine ya gemu, feni imekufa. Kasafiri hadi mwisho wa mwezi, kasema niijaribu nipendavyo. Nimeifungua. Yesu wangu, kazi! Kila waya una njia yake, kila skrubu iko mahali unapoitarajia. Na ile rimoti ya kuchezea! Inajaa kiganjani. Mchezaji wako akigongwa uwanjani, inatetemeka mkononi. Kuna mtu alikaa Japani akakifikiria kidole gumba cha mtu asiyemjua. Nawaheshimu watu hao. Jioni nimeibeba nyumbani. Nina wazo.

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Nimewasha gemu ya mpira. Tata kasonya, ya wahuni hiyo. Nusu saa baadaye anauliza Tanzania iko wapi. Haimo kwenye orodha. Kakasirika kama kanyimwa kitambulisho. Mwisho kachagua Kameruni, kwa sababu nao wanakula ndizi. Rimoti kaiweka gotini, anacheza kwa kushoto tu. Kafungwa saba. Hukumu zake za leo: Wajerumani hawana papara, wangetunza kahawa vizuri. Wabrazili wana madaha kama Wahaya, na hiyo ni sifa. Waingereza wanapiga mpira juu kama wanafukuza ndege. Nimecheka mpaka machozi. Alikuwa hajanichekesha tangu Novemba.

Alhamisi, 13 Machi

Nimeunganisha intaneti ya simu tucheze na watu wa mbali. Balaa. Tata hagusi rimoti mpaka asalimiane kwanza. Huwezi kuanza na mtu hujamjulia hali, anasema. Namwandikia salamu kwa Kiingereza, hakuna anayeitikia. Mfaransa kamfunga matatu huku yeye anangoja. Mmisri kaondoka zake. Tata kasema dunia imeoza. Nikamwambia ni gemu tu. Kanitazama kama nimekufuru.

Jumamosi, 15 Machi

Leo kapatikana Mjapani. Kabla sijaandika, kaandika yeye. Simu imetafsiri: tafadhali, nakuomba tucheze vizuri. Tata kataka ajibiwe kikamilifu. Hujambo, habari za nyumbani, za wazazi, za kazi, za mvua. Nachapa, jasho linanitoka, filimbi imeshalia. Angetufunga kumi. Hakufunga hata moja. Aliuleta mpira katikati akasimama nao, mpaka nikamaliza za mvua. Kisha kajibu. Kwao baridi bado. Mama yake mzima.

Tata alitaka nimsomee tena. Halafu akaushika mkono wa kulia kwa kushoto, akauweka juu ya rimoti taratibu kama anamlaza mtoto. "Mtu kanisalimia hivi, nimchezee kwa kushoto?"

Kidole gumba kilisogea. Nimekiona kwa macho yangu. Tumefungwa manne. Nimetoka nje nikalia.

Alhamisi, 20 Machi

Kila siku saa kumi na moja jioni Mjapani yupo, na kwao ni saa tano usiku. Jina lake siwezi kulisoma, Tata anamwita Rafiki. Kidole gumba kinatembea. Kidole cha shahada nacho kimeanza. Jana Kameruni walifunga goli. Tata alipiga ukelele, jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.

Jumamosi, 22 Machi

Siku mbaya. Mkono umekaza, vidole vimekunjamana, maumivu. Kaitupa rimoti ukutani. Eti namfanya kichekesho, mzee mzima na vichezeo. Nami nikamjibu: basi kaa na mkono wako mpaka ufe nao. Nilimwambia baba yangu maneno hayo. Najuta sana. Kijiti cha rimoti kimevunjika, mali ya watu.

Jumatatu, 24 Machi

Kaja dukani mwenyewe, kwa bodaboda. Miaka tisa tangu nifungue, hajawahi kukanyaga hapa. Alitaka niwe mwalimu. Kakaa kwenye benchi, ananiangalia nikilehemu kijiti kipya. Vipande vidogo kuliko punje ya ulezi. Hakuomba radhi, Tata haombi. Niliomba mimi. Kaitikia kwa kichwa, kisha akawa anauliza kila kitu kinaitwaje. Mwisho akasema kumbe kazi hii ni ya mikono hasa. Nilijifanya natafuta skrubu sakafuni. Jioni kacheza tena.

Ijumaa, 28 Machi

Mwenye mashine kaja kuichukua. Kabla hajafika, tulimuaga Rafiki. Kaandika shukrani ndefu, mwishoni kaweka kapicha ka mtu aliyeinama. Tata akasimama, akainama mbele ya televisheni. Mzee wa Ijumbi! Kisha kasema Jumapili nimpeleke nyumbani, kanisani. Naogopa kuliko yeye. Rimoti haina macho, watu wanayo.

Jumapili, 30 Machi

Ijumbi. Ibada ndefu, sikusikia neno. Tumetoka, mstari umepangwa. Wa kwanza mbele ya Tata alikuwa mwalimu mstaafu aliyesoma naye. Kanyoosha mkono. Wa Tata ukabaki chini. Mwalimu hakuurudisha wake. Ndipo ukapanda, polepole, bila kushikiliwa na kushoto. Vidole havikunyooka vyote. Mwalimu kaushika, kauliza habari za Bukoba, kapita.

Hakuna aliyeshangilia. Hakuna aliyeutazama ule mkono. Wamepita wazee, akina mama, kwaya nzima, watoto. Kila mmoja Tata kampa kulia. Mama aliganda karibu yangu, kitenge mdomoni.

Mimi nilikuwa karibu na mwisho. Nilipomfikia alikuwa amechoka, mkono wa moto. Kanishika kama alivyowashika wengine, kaniuliza habari za kazi. Miaka tisa hajaniuliza hilo.

Nikamwambia nzuri, Tata.